Tupeane uzoefu: maktaba zilipogombana matoleo, bildi ya apu yako uliiokoaje?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Nazungumzia maktaba za kodi, yaani kodi zilizoandikwa na wengine tunazoziingiza kwenye apu, na bildi, yaani kuigeuza kodi kuwa apu kamili. Nianze mimi.

Mwaka 2023 nilikuwa na apu ya Android ya vikoba, inabildi bila shida. Mteja akataka ukurasa wa kuskani QR. Nikaongeza mstari mmoja tu kwenye build.gradle (faili la Gradle, zana inayobildi apu za Android, linaloorodhesha maktaba), mara skrini nzima nyekundu: `Duplicate class kotlin.collections.jdk8.CollectionsJDK8Kt`. Nikafuta kashe, nikasafisha mradi, usiku nikashusha Android Studio upya mpaka bando likakata. Kosa lipo palepale.

Kilichonitoa ni amri hii: `./gradlew app:dependencies --configuration debugRuntimeClasspath`. Inakuchorea mti wa nani kamleta nani. Nikaona `1.6.21 -> 1.8.0`. Gradle ikikuta maktaba moja imeombwa kwa matoleo mawili, kwa kawaida hubeba lililo juu. Maktaba mpya ya QR ilikuwa imepandisha kotlin-stdlib (maktaba ya msingi ya lugha ya Kotlin) hadi 1.8.0, na kuanzia toleo hilo klasi za kotlin-stdlib-jdk7 na jdk8 zimehamishiwa ndani ya kotlin-stdlib yenyewe. Lakini kuna maktaba yangu ya zamani ilikuwa bado inavuta jdk8 ya 1.6.21. Kwa Gradle hayo ni majina mawili tofauti, hivyo haikuona ugomvi wowote, na klasi zilezile zikaingia mara mbili.

Dawa ilikuwa mstari mmoja: `implementation(platform("org.jetbrains.kotlin:kotlin-bom:1.8.0"))`. Familia yote ya Kotlin ikasimama kwenye toleo moja. Siku tatu zangu zilipotea kwa sababu sikuutazama mti mapema. Karibuni.

Mchangiaji wa 2

Mkuu, kwetu tunaotengeneza apu kwa Flutter hali ni tofauti. Pub, zana yake ya kuleta pakiti (ndizo maktaba zetu), hairuhusu matoleo mawili ya pakiti moja, na haiko tayari kuvuka masharti uliyoandika. Isipopata toleo linalomfaa kila mmoja, inagoma: `version solving failed`.

Mimi ilinikuta nilipohamia Flutter 3.10. flutter_localizations inafunga intl (pakiti ya tarehe na lugha) kwenye toleo moja kamili, na hapo ilidai 0.18.0. Pakiti yangu ya kalenda ilitaka `^0.17.0`. Nilidhani alama ile inaruhusu chochote kuanzia hapo kwenda juu. Kumbe kwa pakiti ambayo haijafika 1.0, inaishia kabla ya 0.18.0. Nikaweka dependency_overrides, yaani kuilazimisha Pub itumie toleo nililochagua, nikajaribu kila ukurasa wenye tarehe, na pembeni nikaandika maoni ya kwa nini mstari ule upo na utatoka lini. Kalenda iliposasishwa, niliufuta siku hiyohiyo. Ndugu zangu, msiiache override ikazeeka kwenye mradi.

Mchangiaji wa 3

Ijumaa, tarehe 4 Novemba 2022. Watu wanaotengeneza apu kwa React Native wanaikumbuka. Sikuwa nimegusa hata herufi moja, asubuhi imebildi, baadaye ikakataa. Nikaanza kujilaumu mwenyewe.

Chanzo ni alama ya kujumlisha. Kiolezo cha mradi kilikuwa na `com.facebook.react:react-native:+`, yaani leta toleo la juu kabisa linalopatikana. Miaka yote lililokuwa juu ni lile la ndani ya node_modules, folda ya maktaba iliyomo kwenye mradi wenyewe. Siku hiyo 0.71.0-rc.0 ikawekwa Maven Central, ghala la maktaba la mtandaoni, Gradle ikaiona iko juu, ikaichukua. Yakatolewa marekebisho ya matoleo ya zamani, nikapandisha kidogo, nikatulia. Tangu hapo sina `+` kwenye mradi wowote.

Mchangiaji wa 4

Hayo yenu yalikuwa na huruma, yaligoma mezani kwenu. Langu lilibildi vizuri kabisa.

Tulikuwa na wateja wenye simu za Android 4.4, na OkHttp (maktaba ya mawasiliano ya mtandao) kuanzia 3.13 inataka Android 5.0. Nikailazimisha ibaki 3.12 kwa `force`, amri ya kuishurutisha Gradle ishike toleo moja. Baadaye tukaongeza maktaba ya malipo iliyotengenezwa juu ya OkHttp 4. Bildi kijani, nikapandisha dukani. Jioni mama mmoja mwenye duka la vitenge akanipigia: “Mwanangu, nikibonyeza Lipa, inajifunga.” Nikaenda dukani kwake. Akabonyeza mbele yangu, apu ikatoweka, na mteja wake kasimama pale na kitenge mkononi. Niliona aibu kubwa.

Kwenye logi: `NoSuchFieldError`, ikitafuta Companion, kipande cha kodi ya Kotlin. OkHttp 4 imeandikwa upya kwa Kotlin, 3.12 ni Java, kitu hicho hakimo. Kuishusha maktaba kwa nguvu chini ya kile mwenzake alichotegemea kunanyamazisha Gradle tu, ugomvi unahamia kwenye simu ya mtumiaji. Tulihesabu wenye 4.4, walibaki wachache, tukawaeleza, nikapandisha minSdk (Android ya chini kabisa inayokubaliwa) hadi 21, yaani Android 5.0, na kuiondoa `force`.

Mleta mada

Pole sana mkuu. Ulimjuaje aliyeileta OkHttp 4?

Mchangiaji wa 4

`./gradlew app:dependencyInsight --dependency okhttp --configuration releaseRuntimeClasspath`. Inakupa toleo lililoshinda, sababu ya kushinda, na chini yake kila aliyeiomba maktaba hiyo na toleo alilotaka. Kwangu sababu ilisomeka “Forced”, na mkono ulikuwa wangu.