Je, baba mdogo ni mzazi katika fomu ya FAFSA?

Mtoto wa Fizi aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Ninaishi Grand Rapids, Michigan, na Mungu akipenda nitaanza masomo katika chuo cha jamii (community college) mwezi Agosti 2026. Nimeanza kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha za masomo kutoka serikali ya Marekani, ya mwaka wa masomo 2026–2027, lakini nimekwama mwanzoni kabisa, pale fomu inapotaka kujua wazazi wangu ni nani.

Hali yangu ni hii. Baba yangu aliuawa Fizi, Kivu Kusini, nikiwa na miaka sita. Katika kukimbia tulipotezana na mama, na tangu siku ile sijapata habari zake, ziwe za uzima au za msiba. Nililelewa na baba mdogo katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na ndiye niliyekuja naye Marekani mwaka 2018. Katika kesi yetu ya ukimbizi niliandikwa kuwa mtoto wa marehemu kaka yake, si mwanawe wa kumzaa, na hakuna mahakama iliyowahi kumpa karatasi ya ulezi. Sasa nina kadi ya ukaazi wa kudumu, nilimaliza sekondari hapa hapa, na ninafanya kazi ya zamu katika kiwanda cha samani ambako mwaka 2024 nilipata kama dola 19,000.

Nina maswali mawili. La kwanza, je, nimwandike baba mdogo mahali pa mzazi? Kwangu mimi ni baba, sijawahi kumwita kwa jina lingine. La pili ni tarehe ya kuzaliwa. Karatasi zangu zote zinasema 1 Januari 2003, tarehe ambayo karani wa usajili aliwapa karibu watu wote waliokuwa kwenye foleni siku ile, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na cheti. Baba mdogo husema nilizaliwa mwaka uliotangulia, wakati wa maembe. Fomu inauliza kama nimezaliwa kabla ya tarehe 1 Januari 2003, na ninaambiwa kwamba jibu la ndiyo lingenifanya nihesabiwe kuwa ninajitegemea, bila kuulizwa habari za wazazi. Je, naweza kuandika tarehe ya kweli?

Mama Neema alijibu:

Mwanangu, pole kwa yote uliyoyapitia. Nilifanya kazi kwa miaka sita katika ofisi ya misaada ya fedha ya chuo kimoja cha jamii, na swali lako nimelisikia kutoka kwa Wakongo, Warundi na Wasomali, yaani watu wote ambao kwao mtoto halelewi na watu wawili peke yao.

Usimwandike baba mdogo. Mzazi katika FAFSA ni aliyekuzaa au aliyekuasili kisheria, pamoja na mzazi wa kambo aliyefunga ndoa na mzazi wako. Babu, bibi, shangazi, mjomba, baba mdogo na mama mkubwa hawamo, hata kama ndio waliokulisha na kukusomesha, na hata kama baba mdogo anakuandika kuwa tegemezi wake anapowasilisha kodi, maana sheria ya kodi na sheria ya misaada ya masomo hazifuati kipimo kimoja. Kama mahakama ya jimbo ingekuwa imempa ulezi wa kisheria ulipokuwa mdogo, ungejibu ndiyo katika swali la ulezi na mambo yangeishia hapo. Kwa kuwa haikumpa, tuendelee.

Tarehe usiiguse. Jina lako, namba yako ya Social Security (namba ya utambulisho ya serikali ya Marekani) na tarehe yako ya kuzaliwa hulinganishwa na kumbukumbu za serikali, na vikipishana fomu husimama palepale. Zaidi ya hayo, unatia sahihi kwamba maelezo yako ni ya kweli na kwamba ukiombwa utatoa ushahidi wa kuyathibitisha. Sheria inamhesabu kuwa anayejitegemea mtu atakayekuwa ametimiza miaka 24 ifikapo tarehe 31 Desemba 2026, nawe kwa karatasi zako utaitimiza asubuhi inayofuata. Katika miaka ile sita niliwaona wanafunzi wengi wa Januari mosi wakikosa kwa siku moja, na sikuwahi kulizoea jambo hilo.

Vilevile usijibu swali la yatima kana kwamba mama amefariki. Swali hilo ni la mtu ambaye wazazi wake wote wawili hawako hai, na wewe hujui.

Mlango wako ni mwingine. Baada ya maswali ya hali yako binafsi, fomu inauliza kama una hali isiyo ya kawaida inayokufanya ushindwe kuwasiliana na wazazi wako, au inayofanya kuwasiliana nao kuwe hatari. Sheria ya kurahisisha FAFSA, iliyopitishwa Desemba 2020, imetaja kwa maneno yake kupewa hadhi ya ukimbizi au hifadhi miongoni mwa hali hizo, sambamba na kutelekezwa na wazazi na mzazi kuwa kifungoni. Ukijibu ndiyo, utaendelea na fomu kama mtu anayejitegemea kwa muda, hutadaiwa taarifa za mzazi, na chuo ndicho kitakachoamua baada ya kuona ushahidi wako. Angalia sana, kwa sababu karibu na hapo kuna swali jingine linalofanana nalo, linalouliza kama wazazi wako wanakataa kutoa taarifa zao. Hilo si lako. Anayejibu ndiyo huko hukosa ruzuku na kubakiwa na aina moja tu ya mkopo, ule unaoanza kuzaa riba tangu siku unapotolewa. Nimewapokea vijana waliokuja wakilia kwa ajili ya kisanduku kile kimoja.

Usikae ukisubiri barua ya chuo, ipeleke kesi yako mwenyewe. Chukua nakala ya karatasi zako za ukimbizi zinazoonyesha kila mtu wa nyumba yenu ameandikwa kuwa nani wa nani, barua ya mfanyakazi wa shirika lililowapokea kama bado yupo, barua ya mshauri wa shule yako ya sekondari, na barua ya mchungaji au kiongozi mwingine anayeifahamu historia yenu. Kama barua nyingine hazipatikani, mahojiano yako na afisa wa misaada, yakiandikwa na kuwekwa kwenye jalada, yanaweza kuwa ushahidi. Chuo kikikubali, uamuzi huo huendelea miaka inayofuata katika chuo hicho hicho, isipokuwa hali yako ikibadilika. Ukihamia chuo kingine, hama na jalada lako, kwa kuwa wao wana haki ya kukuuliza upya.

Kwa mapato uliyoyataja, ukikubaliwa kuwa unajitegemea, na kama huna mke wala watoto, uko chini ya asilimia 175 ya kiwango cha umaskini, nacho ndicho kikomo cha kupata ruzuku kamili ya Pell, yaani msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato kidogo, kwa mtu wa hali yako. Kwa mwaka wa masomo wa 2025–2026 ruzuku kamili ni dola 7,395, na katika vyuo vingi vya jamii inatosha ada na kubaki.

Dada wa Kakuma alijibu:

Ningependa kuongeza yaliyonipata, kwa sababu mimi nilifanya hasa lile analokukataza Mama Neema. Mwaka 2022 nilimwandika baba mkubwa mahali pa baba. Wala sikuwa na nia ya kudanganya: mtu aliyenisaidia kujaza, kijana mwenye meza ndani ya duka la kutuma pesa, aliyenitoza dola 120 kwa fomu ambayo serikali haitozi hata senti, aliniuliza “baba yako anaitwaje?” nami nikataja jina la mtu ninayemwita baba. Kama angeniuliza nani alinizaa, ningejibu vingine.

Fomu ilipokelewa bila tatizo. Baba mkubwa alikuwa na kazi mbili, usiku hospitalini na mchana kwenye ghala, kwa hiyo mapato yake yalishusha ruzuku yangu hadi ikabaki kidogo sana. Kisha nikachaguliwa kwa uhakiki, yaani chuo kikague kama niliyoandika kwenye fomu ni sahihi. Katika karatasi ya kutaja watu wa nyumbani, safari hii nilijaza mwenyewe, na mbele ya jina lake nikaandika kwamba ni kaka mkubwa wa baba yangu. Afisa akaziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu, moja inasema baba, nyingine inasema kaka wa baba, akanigeuzia ili nizisome. Niliona aibu ambayo sina maneno ya kuieleza.

Hawakuniadhibu, nawashukuru kwa hilo, lakini msaada wangu ulisimamishwa kuanzia Oktoba hadi muhula ulipokuwa unakaribia kwisha, na vitabu vya muhula ule nilikuwa nikiazima kwa wenzangu na kuvipiga picha kwa simu. Waliponihoji waliniuliza mara ya mwisho nilimwona mama lini, wapi, na kama nimewahi kumtafuta. Jiandae kwa maswali hayo, mdogo wangu. Yanauma kuyajibu mbele ya mgeni, na ni vyema uwe umeyaandika nyumbani, polepole, kabla ya siku hiyo. Mimi nilikuwa na barua niliyowahi kuwapelekea watu wa Msalaba Mwekundu wanaotafuta ndugu waliopotezana, nayo ilisaidia kuliko kitu kingine chochote nilichopeleka.

Jambo dogo la mwisho ni majina. Sisi tuna majina matatu na kila ofisi huyapanga inavyotaka. Kwenye FAFSA yafuate kama yalivyo kwenye kadi yako ya Social Security, hata kama kadi imekosea, na kama imekosea irekebishe kadi kwanza.

Mswahili wa Columbus alijibu:

Assalaam alaikum. Wenzangu wamemaliza suala la mzazi, nami nitazungumzia kinachofuata fedha zikishatoka, kwa kuwa mimi niliteleza hapo.

Barua ya msaada utakayopokea itaweka ruzuku na mkopo katika karatasi moja na kuvijumlisha pamoja, kiasi kwamba mtu akisoma haraka hudhani vyote ni zawadi. Pell hairudishwi ukisoma hadi mwisho wa muhula. Mkopo utaulipa. Una haki ya kukubali kimoja na kukataa kingine: mimi nilikataa mkopo wote kwa ajili ya riba na sikupunguziwa ruzuku hata kidogo.

Lakini muhula wangu wa pili nilibadilishiwa zamu kazini, nikaacha madarasa yote katika wiki ya saba bila kumwambia mtu. Sikujua kwamba anayeacha masomo kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita huhesabiwa kuwa hajaichuma ruzuku yote. Chuo kilirudisha sehemu serikalini, kisha kikaniletea mimi deni la ada, na sikuweza kujiandikisha tena mpaka nilipolimaliza kwa mafungu ya dola 50. Zamu ikigongana na darasa, nenda ofisini kabla ya kuacha, si baada. Uliza pia mapema kiwango chao cha maendeleo ya masomo. Vyuo vingi hutaka wastani wa 2.0 na kufaulu angalau theluthi mbili ya krediti unazojiandikisha, na ukishuka chini ya hapo msaada unaweza kusimama.

Kuna watakaokutajia Michigan Reconnect, ule mpango wa jimbo lenu unaolipia ada ya chuo cha jamii. Huo ni wa kuanzia miaka 25, kwa hiyo bado si wako.

Mtoto wa Fizi aliandika tena:

Nimesoma majibu yote mara mbili, na ninawashukuru sana. Nimeiacha tarehe kama ilivyo, nimejibu ndiyo katika swali la hali isiyo ya kawaida, na nimelipita lile la wazazi wanaokataa baada ya kulisoma kwa sauti. Fomu imepokelewa. Nimeipigia ofisi ya chuo simu na nimepewa miadi Jumanne ijayo saa nne asubuhi. Mshauri wangu wa zamani wa sekondari ameahidi barua, na mchungaji ameshaandika ya kwake.

Limebaki jambo moja. Jana nilimweleza baba mdogo kwamba jina lake halitakuwamo katika fomu. Alinyamaza kidogo, akauliza kama amefanya kosa gani. Nikamwambia hakuna kosa. Akauliza basi yeye katika karatasi hizo ni nani. Anataka tufuatane Jumanne, nami sijui kama uwepo wake utanisaidia au utawafanya wadhani kwamba nina mzazi ninayemficha.

Mama Neema alijibu:

Mwanangu, nenda naye. Kumlea mtoto wa kaka si siri, na karatasi zenu za ukimbizi tayari zimesema yeye ni nani. Afisa anaweza kupenda kuzungumza nawe peke yako kwanza, kwa hiyo mwambie baba mdogo asikasirike akiombwa kusubiri nje.

Wakati huohuo mwombe aandike barua kwa mkono wake, kwa Kiswahili kama ndiyo lugha inayomjia vizuri. Aeleze kaka yake alikufa wapi na mwaka gani, mlipotezana na mama yako katika safari ipi, tangu lini unakaa kwake, na kwamba hakuna mahakama iliyowahi kumkabidhi ulezi wako. Atie sahihi na tarehe. Itafsiriwe na mtu mwingine, si wewe, naye mfasiri aandike jina lake chini, kisha peleka zote mbili, ya asili na tafsiri. Barua ya ndugu peke yake huwa haitoshi, lakini ikikaa juu ya zile mbili ulizonazo, afisa ataisoma kwanza.

Na ubebe nakala za kila kitu. Mashine yao ya nakala huwa na foleni.