Niandike ROBOTECH au MACROSS kwenye taxibus ya watu?

Mchoraji_Kamalondo

Jambo yenu wote. Mimi ni mchoraji wa vibao na magari hapa Lubumbashi, karakana yangu iko Kamalondo, na huu ni mwaka wa 16 nashika brashi. Sasa hivi nina taxibus ya Papa mmoja inayofanya njia ya Katuba kwenda mjini. Ubavu wa kushoto anataka ndege inayogeuka roboti, ile nyeupe yenye mistari myekundu, na chini yake herufi kubwa: ROBOTECH. Amekua nayo. Mjomba wake alisoma Lille, Ufaransa, na kila likizo alikuwa anarudi na kaseti za katuni alizorekodi kwenye televisheni ya kule. Mpaka leo Papa huyu anakutajia majina bila kufikiri: Rick Hunter, Lisa Hayes, Lynn Minmei.

Jumamosi mtoto wake wa kiume alikuja kuona kazi. Alitazama mchoro wangu wa penseli kwa muda, akasema, "Papa, hii ni Macross. Na huyu rubani anaitwa Hikaru Ichijyo." Baba akapandisha sauti, mtoto akatoa simu, baba naye akatoa yake. Nimezilinganisha picha zao mstari kwa mstari. Ndege ni ile ile.

Wameniachia niamue mimi, nami siwezi kuandika jina nisilolijua juu ya mkono wa mtu mwingine. Miaka sita iliyopita nilichora punda milia wawili wa Upemba kwenye ukuta wa mkahawa. Baadaye rafiki akaniletea fulana aliyoinunua sokoni: punda milia wangu, hata lile sikio la kushoto nililolipinda kwa sababu ukuta ulikuwa na ufa pale. Chini jina la mtu mwingine. Nilikwenda kwa waliochapa, wakaniuliza, "Karatasi yako iko wapi?" Sikuwa nayo. Nilirudi nyumbani kwa miguu, na nilipofika sikuweza kula.

Kwa hiyo naomba wanaojua: ndege hii ilichorwa na nani? Na kwa nini ina majina mawili? Ubavu umeshapigwa mastiki na msasa, rangi ya chini imekauka. Gari linatakiwa Ijumaa.

---

Papa_Kaseti

Mdogo wangu, pole kwa punda milia wako. Niliendesha chumba cha video Katuba miaka mingi na habari hii nimeifuata tangu enzi za kaseti, kwa hiyo vumilia urefu.

Aliyechora ndege hiyo anaitwa Shoji Kawamori, Mjapani, na alikuwa kijana wa miaka 22 katuni ilipoanza kuonyeshwa, Oktoba 1982. Nyuso za watu, pamoja na za Hikaru na Minmay, ni za Haruhiko Mikimoto. Ile meli kubwa ya vita ni ya Kazutaka Miyatake. Kawamori na Miyatake ni wa kundi linaloitwa Studio Nue. Jina la kwanza la kazi hiyo, kule ilikozaliwa, ni Macross, sehemu 36.

Sasa sikiliza mambo ya pesa, maana ndiko ugomvi ulikoanzia. Studio Nue walikuwa na wazo na michoro. Kampuni ya matangazo, Big West, ikawabeba. Lakini kutengeneza katuni ya kila wiki kunakula fedha, ikabidi waingie na Tatsunoko, studio kubwa zaidi, na Tatsunoko kwa mchango wake ikapewa haki ya kuuza kazi hiyo nje ya Japani. Wewe ni mtu wa Lubumbashi, umeona kesi za viwanja. Mmoja ana ramani ya nyumba, mwingine ndiye aliyelipa matofali, na wote wawili wana karatasi yenye mhuri. Miaka ishirini hakuna anayeuliza. Siku nyumba inapopata wapangaji wanaolipa vizuri, wote wanafika mlangoni.

Tatsunoko ikaiuzia leseni kampuni ya Marekani, Harmony Gold. Vituo vya kule vilivyotaka katuni ya kila siku ya kazi vilihitaji angalau sehemu 65, na Macross ilikuwa na 36 tu. Mtayarishaji wao, Carl Macek, akaunganisha katuni tatu za Tatsunoko ambazo hazikuwa na undugu wowote wa hadithi: Macross, Southern Cross na Mospeada. Akazifanya vizazi vitatu vya vita moja ndefu, sehemu 85, mwaka 1985. Hiyo ndiyo Robotech. Hikaru akawa Rick, Misa Hayase akawa Lisa Hayes, ndege yenyewe ikaacha kuitwa Valkyrie ikaitwa Veritech. Hata neno "protoculture" liligeuzwa maana: kwenye Macross ni watu wa kale waliotangulia wanadamu, kwenye Robotech ni nguvu inayoendesha mashine. Mwaka 1987 ikaingia Ufaransa kwenye kituo cha La Cinq. Kaseti za mjomba wa mteja wako bila shaka zilitoka huko.

Kwa hiyo Papa yule hasemi uongo. Aliyoiona ilikuwa Robotech kweli, na ina hadithi yake. Lakini mkono ni wa Kawamori.

Mahakama? Ndiyo, walifika. Big West na Studio Nue waliishtaki Tatsunoko huko Tokyo. Mwaka 2002 hakimu akasema michoro 41 ya watu na mashine za katuni ya kwanza ni mali ya Big West na Studio Nue. Mwaka 2003 hukumu nyingine ikasema filamu yenyewe, picha zinazotembea za zile sehemu 36, ni ya Tatsunoko. Isome tena polepole. Mchoro wa ndege una mwenyewe, na ndege hiyo hiyo ikiruka ndani ya filamu ina mwenyewe mwingine. Niliposoma hivyo mara ya kwanza nilidhani nimekosea lugha.

---

Dada_Ruashi

Papa Kaseti, aksanti, lakini umeruka sehemu iliyotuumiza sisi wadogo. Harmony Gold haikuishia kwenye filamu ya zamani. Ilisajili jina "Macross" lenyewe kama alama ya biashara huko Marekani na kwingineko. Maana yake, kila Macross mpya iliyotengenezwa Japani ilikuwa na jina ambalo nje lilishikwa na mtu mwingine. Macross II na Macross Plus za miaka ya 90 zilitoka mapema, zikapita. Macross 7, Macross Zero, na Macross Frontier ya 2008 ambayo mimi naipenda kuliko zote, zilikaa ndani ya Japani kama mtu aliyenyimwa pasi ya kusafiria.

Mimi Frontier niliiona kwa flashi. Kaka yangu aliipata kwa mwanafunzi mwenzake, maandishi ya Kifaransa yametafsiriwa na mashabiki wenyewe, na sehemu ya 7 ilikuwa imeharibika katikati. Nilikuwa tayari kuilipia. Hapakuwa na mahali pa kulipia. Watu wanaosema mashabiki ni wezi wangekaa kidogo na hilo.

Na nyimbo! Hadithi ya Macross ni kwamba wimbo wa binti mmoja unawashinda majitu ya angani ambayo hayajawahi kusikia muziki. Sauti ya Minmay ni ya Mari Iijima. Robotech ilizitoa nyimbo zake ikaweka nyingine za Kiingereza zilizoimbwa na mtu mwingine. Mwaka 2006 Macross ya kwanza ilipotafsiriwa upya kwa Kiingereza bila kukatwa, Iijima alirudi mwenyewe, akamwigiza Minmay kwa Kiingereza. Zaidi ya miaka ishirini baadaye! Niliposoma hilo nililia, sisemi kwa mchezo.

Mwisho wa ugomvi: mwaka 2017 usuluhishi kati ya Tatsunoko na Harmony Gold ulithibitisha leseni inaisha 14 Machi 2021. Tulihesabu miaka. Mwaka 2019 Harmony Gold ikatangaza imeshaongeza mkataba. Tukakata tamaa. Halafu Aprili 2021, bila sisi kutegemea, Big West na Harmony Gold wakatangaza wamepatana: Macross zitoke dunia nzima, Robotech iendelee, Big West isizuie filamu ya Robotech ya waigizaji kuonyeshwa Japani ikija kutengenezwa, na Harmony Gold ibaki na matumizi ya ile michoro 41 nje ya Japani kwa ajili ya Robotech. Mwaka 2024 nyingine zikaanza kuingia Disney+.

Ndugu mchoraji, ningekuwa mimi ningeandika MACROSS. Lakini gari si langu.

---

Fundi_Kampemba

Mimi sina la kusema juu ya majina, nina la kusema juu ya kichwa. Umetuma picha ya penseli, nimeikuza. Umempa leza nne kichwani. Hiyo ni VF-1S, ndege ya Roy, kiongozi wao, yenye mistari ya njano na nyeusi. Ya Hikaru yenye mistari myekundu ni VF-1J, leza mbili tu. Ya kawaida, VF-1A, ina moja. Hikaru anairithi ile ya Roy baada ya Roy kufa, lakini hapo mistari si myekundu tena.

Na miguu: usiichore kama suruali. Miguu ya roboti ni zile injini mbili za chini ya ndege, na mdomo wa kuvutia hewa unaangukia kwenye paja. Mabawa yanalala mgongoni. Kichwa chenyewe wakati ni ndege kinajificha chini ya tumbo, leza zikitazama nyuma. Kawamori aliijenga kwanza kwa mkono ili ajue inakunjika kweli, na ndiyo sababu midoli yake iliweza kutengenezwa bila kudanganya. Mdoli wa ndege hii wa kampuni ya Takatoku ya Japani ulikuwa mzuri kiasi kwamba Hasbro wa Marekani waliuuza mwaka 1985 ndani ya Transformers, midoli yao ya roboti, wakauita Jetfire. Jina la tatu hilo.

Na haikuishia hapo. Mchezo wa mezani wa BattleTech, wa kampuni ya FASA ya Chicago, ulikuwa na mashine za Macross zilizopatikana kupitia kampuni iliyoagiza midoli ya kuunganisha kutoka Japani. Harmony Gold ikawashtaki, wakapatana 1996, na picha za mashine hizo zote zikaondolewa vitabuni. Wachezaji wakaziita "Zisizoonekana". Ulijua mashine ipo, ina jina, ina uzito, ila ukurasa wake haukuwa na picha.

---

Mchoraji_Kamalondo

Fundi, umeniokoa. Kweli ni nne, nilinakili kutoka picha mbili tofauti bila kujua.

Papa Kaseti, swali moja: na mimi je? Kuichora kwenye gari linalobeba abiria kwa pesa, si ndiyo yale yale ya fulana?

---

Papa_Kaseti

Umeuliza vizuri, na sitakudanganya kwa kuwa ni mdogo wangu. Kongo ina sheria ya hakimiliki, ya 5 Aprili 1986, na mchoro ni miongoni mwa kazi inazozilinda, ya mgeni na yako pia. Punda milia wako walikuwa na ulinzi huo hata bila karatasi. Haki inazaliwa na kazi yenyewe, karatasi inasaidia kuthibitisha tu. Waliokuuliza karatasi walikupotosha. Nenda ukaone mtu wa sheria, bado una picha za ukuta ule?

Kwa gari la Papa yule, ruhusa ya kweli ingetoka mbali sana. Kila taxibus mjini ina mchezaji wa mpira au mwanamuziki ambaye hakuulizwa, lakini hilo halikufanyi wewe ujisikie vizuri, naona. Angalau usiweke sahihi yako peke yake.

---

Mchoraji_Kamalondo

Picha za ukuta ninazo, mke wangu alizipiga siku ya ufunguzi. Tarehe inaonekana.

Nimekaa na baba na mtoto jana jioni, nikawasomea yote haya kwenye simu. Baba alinyamaza kwenye ile ya sehemu 85. Hakuwa amejua kwamba zilikuwa katuni tatu. Akasema ndiyo maana siku moja Rick alipotea na hakuna aliyemweleza amekwenda wapi. ROBOTECH inabaki, kwa sababu ndiyo aliyoletewa na mjomba wake, na mjomba amekwisha kufariki. Mtoto amekubali kwa sharti moja, nami nililitaka kabla yake: chini, karibu na gurudumu, mahali ninapoweka sahihi, kutakuwa na mistari miwili. "Mchoro: Shoji Kawamori, Macross, 1982." Halafu jina langu, na Lubumbashi.

Leza mbili za juu nimeziondoa kwa msasa asubuhi. Rangi ya chini imetokeza kidogo, narudishia nyeupe, ikikauka naanza paja la kushoto, lile lenye mdomo wa hewa.