Watu watatu juu ya paa, chini hakuna hata mmoja: samaki wa jirani wamekufa wote

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Juzi nilileta mafundi wa kusafisha paa. Vigae vyangu vilikuwa vimeshika ule utando mweusi unaoshuka kwa mistari, na upande wa kivulini kijani kilikuwa kimetanda kama zulia. Kabla hawajaja niliwaambia kwa simu mambo mawili: kwamba navuna maji ya mvua kwenye tangi, na kwamba jirani yangu wa chini ana kidimbwi cha samaki karibu kabisa na ukuta wa mpaka. Kiwanja changu kiko juu, chake kiko chini. Wakanijibu, "Hayo tunayajua bosi, ndiyo kazi yetu."

Walikuja watatu, na madumu mawili, pampu na ngazi. Wa kwanza akapanda na mpira wa kunyunyizia, wa pili akapanda kumvutia mpira, wa tatu akapanda na brashi. Basi. Chini hakubaki mtu.

Bomba linaloingia kwenye tangi nililichomoa mwenyewe jioni ya kuamkia siku ile. Walipoliona wakanisifu, tangi liko salama. Lakini kati ya wale watatu hakuna aliyejiuliza sasa maji yale yataelekea wapi. Mdomo wa bomba ulibaki unaning'inia shubiri moja juu ya sementi. Maji yakaanza kutoka ya kahawia, yamebeba uchafu wa miaka, baadaye yakawa ya manjano, mwisho yakatoka meupe yana povu na harufu inayochoma macho. Yakafuata msingi wa nyumba, yakaipata tundu tuliyoiacha chini ya ukuta ili mvua ipite, yakavuka upande wa pili. Mimi nilikuwa ndani. Kilichonitoa ni ile harufu.

Nilipochungulia ng'ambo, samaki walikuwa juu ya maji wanafungua na kufunga midomo. Klorini iliyomo kwenye dawa ya mafundi huwaunguza mashavu wanayopumulia, kwa hiyo wanakosa hewa wakiwa ndani ya maji yao wenyewe. Mmoja mmoja wakalala ubavu. Hadi saa kumi jioni hakuna aliyekuwa hai. Miche ya nyanya ya yule mama iliyopangwa kando ya ukuta ilikuwa imegeuka rangi kuanzia ukingoni mwa majani, weupe uliochanganyika na kahawia, kama imemwagiwa maji ya moto.

Aliyekwenda kuomba radhi ni mimi. "Shikamoo mama." Akaitikia, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiyo dawa mlileta kuua nini?" Sikuwa na jibu. Mafundi muda huo walikuwa wanakunja mipira yao, na mkubwa wao ananiambia, "Bosi, hiyo ni blichi ya kawaida tu, hata nguo tunafulia. Jua likiwaka inapaa."

Hilo neno "kawaida" ndilo lililonifanya nifungue uzi huu.

Blichi ya kufulia huwa na sodiamu haipokloriti, ile kemikali inayoleta klorini, asilimia 3 hadi 6 hivi, nayo tunaweka kidogo kwenye beseni zima la maji. Lebo ya madumu yao ilisomeka asilimia 12. Walichanganya kwa macho, bila chombo cha kupimia, wakaongeza sabuni ili dawa ishike kwenye vigae isiteleze haraka. Tuseme iliyofika kwenye paa ilikuwa asilimia 3 tu. Hiyo ni gramu 30 katika kila lita. Sasa chukua kiwango ambacho EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, iliweka kulinda viumbe wa maji baridi wasidhurike kwa mguso wa saa moja: mikrogramu 19 za klorini kwa lita, na mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Piga hesabu mwenyewe. Lita moja ya mchanganyiko ule inahitaji zaidi ya lita milioni moja na nusu za maji safi ndipo ifike kwenye kiwango hicho. Kidimbwi cha yule mama hakifiki hata sehemu ndogo ya hapo, na bomba lilimwaga kwa nusu saa nzima.

Ni kweli klorini huvunjika. Jua huivunja, udongo na majani yaliyooza huila. Lakini hayo yanataka muda, na kutoka mdomo wa bomba hadi kwenye kidimbwi ni hatua sita. Tena ikishavunjika inaacha chumvi, na chumvi hiyo ikikaa kwenye udongo mizizi inashindwa kunywa maji. Ndiyo maana nimekuwa nikimwagilia kile kitalu tangu juzi, asubuhi na jioni, nikijaribu kuisukuma ishuke chini ya mizizi.

Halafu ngoja niwaambie lililonitisha kuliko yote. Nilipopiga kelele, yule wa brashi akasema tutafute siki tumwage pale chini, eti siki inaua blichi. Wakuu, tafadhali, yeyote anayesoma hapa: asidi yoyote ikikutana na haipokloriti hutoa gesi ya klorini. Hata siki. Gesi hiyo inaunguza mapafu. Mtu anayefanya kazi na madumu ya asilimia 12 kila siku hajui hilo? Angemwaga siki kwenye lile dimbwi la povu huku mimi na wanangu tumesimama palepale. Kinachozima klorini ni sodiamu thaiosulfeti, ileile wanayotumia wafuga samaki kuondoa klorini kwenye maji ya bomba. Siyo kitu cha siri wala cha ajabu.

Na kazi yenyewe si ngumu, ndiyo inayonikera zaidi. Unalowanisha mimea na udongo kwanza mpaka vikolee, kwa sababu jani na ardhi vilivyoshiba maji havinyonyi dawa kwa pupa. Kilicho karibu na ukuta unakifunika kwa kitambaa chepesi au nailoni, unakifunua mara tu ukimaliza, maana nailoni ikikaa juani inaivisha mimea. Mdomo wa bomba unauziba au unauelekeza kwenye pipa. Maji yaliyokusanywa unayazima, unayapima kwa vile vikaratasi vya kupimia klorini ya bwawa la kuogelea, ndipo unayamwaga polepole kwenye nyasi au kokoto, mbali na kidimbwi na mbali na mtaro. Na muda wote dawa ikiwa juu, mtu mmoja anasimama chini na mpira wa maji safi unaotiririka, macho yake kwenye bomba na kwenye mimea. Mtu mmoja tu! Kati ya watatu!

Naomba pia tusidanganyane kuhusu mtaro. Nikiwauliza wangeyapeleka wapi, wananionyesha mtaro wa barabarani. Mitaro ya mvua mingi haipiti kwenye mtambo wowote wa kusafisha maji, inaishia moja kwa moja mtoni. Ukiyaelekeza huko umebadilisha tu samaki wa kuua.

Najua atakuja mtu hapa aseme nitumie dawa zenye shaba badala ya klorini. Shaba ni sumu kwa samaki vilevile, na yenyewe haivunjiki kabisa, inabaki kwenye udongo na kwenye tope la chini ya maji. Mwingine atasema mashine ya presha, maji matupu. Vigae havipendi presha: inakwangua uso wake na kusukuma maji chini yake. Sisemi dawa isitumike. Paa langu lilihitaji dawa. Nasema anayeipandisha juu awajibike nayo mpaka inapotua.

Samaki nimeahidi kulipa mimi. Mafundi wamegoma kulipa chochote, wanasema sikuandikisha popote kuhusu kidimbwi, niliongea tu. Kwa hiyo kama unakaribia kuita watu wa paa, yaandike kwenye makubaliano: maji yanakwenda wapi, nani anakaa chini, nani analipa mmea au kiumbe kikifa. Mimi niliamini neno la simu.

Upande wa nyuma haujasafishwa bado. Leo asubuhi wamenipigia, wanataka kuja kumalizia Jumamosi. Nimewaambia ngazi haiegemezwi kwenye ukuta wangu mpaka nione pipa, thaiosulfeti, na mtu wa nne atakayesimama chini ya bomba. Wamesema watanijibu. Kama kuna fundi humu anayefanya kazi kwa utaratibu huo, anitumie ujumbe ndani, nampa yeye.