Mrejesho: jina la Washington lilikotoka

Wakuu, niliuliza ukoo wa George Washington ulipata wapi jina lake. Asanteni mlionielekeza Durham, kaskazini mwa Uingereza.

Kumbe ni jina la kijiji! Karne ya 12, William de Hertburn, aliyeitwa kwa jina la kijiji chake cha Hertburn, alibadilishana ardhi na askofu wa Durham, akahamia kijiji cha Washington na kujiita kwa jina la huko. Asingehama, huenda leo Trump angekaa Hertburn.

Baadaye tawi moja la ukoo likaibukia Northamptonshire, katikati ya Uingereza, na John Washington wa tawi hilo akavukia Virginia, Marekani, miaka ya 1650. Huyo ndiye baba wa babu yake George. Ngao ya ukoo, mistari miwili myekundu na nyota tatu juu yake, ndiyo bendera ya jiji la Washington, D.C.

Na Booker T. Washington, yule mwalimu Mmarekani mweusi aliyezaliwa mtumwa? Jina hilo alijichagulia mwenyewe, shuleni.