Eti tukope tusome? Njooni kwanza muone kaye (daftari) ya mama wa Lambert

Bandugu, habari za usiku. Naandika na hasira, kosa za kuandika mutanisamehe, telefone yenyewe ni ya kuazima na bateri iko ku 14.

Juzi mukubwa mumoja humu ndani alisema eti mwanafunzi mwenye anaogopa deni hajui anachotafuta ku unifu (chuo kikuu), eti Kenya na Tanzania bantu banasoma na mukopo na hakuna mwenye alikufa. Bantu bakamupigia mikono. Nikanyamaza siku mbili, leo nimeshindwa.

Mukubwa, kwa heshima yote, ule mukopo unaongelea na ile yenye sisi tunakopa hapa Bukavu ni bintu mbili, jina tu njo inafanana.

Sisi huku hatuna Bodi ya mikopo. Eta (serikali) iliweka bure shule ya msingi tangu 2019, sawa, tunashukuru, lakini bure inaishia palepale, ukifika unifu uko peke yako na mama yako. Ba papa betu banatuhadisia kama wakati wa Mobutu mwanafunzi alikuwa anapewa bursi, analala ku homu (bweni), anakula, sisi tulirizi hadisi. Minervali (pesa ya masomo ya mwaka) ikikosa, familia haina, kirimba (ile ya kuchanga pesa kwa zamu) zamu yako inafika mwezi wa nane na egzameni ni mwezi wa tatu, basi unaenda Lambert. Kwa benye habaishi huku: banki Lambert si banki, haina ofisi wala kibao, ni mutu tu mwenye ana pesa mu nyumba na ana kaye. (Kwa ba dada kuna mulango ingine tena, ile siitaje hapa, benye kujua banajua.)

Yangu ilianza hivi. Mwaka wa pili minervali ilikuwa dola 320. Mama anashona ku Kadutu, humu Bukavu, tukakuwa tumeisha kulipa 170, ikabakia 150. Kitatu moja asubui bakabandika karatasi: mwenye hajamaliza haingii egzameni, na egzameni inaanza kitatu yenye kufuata. Na usifikiri ni maneno tu. Apariteri (mutumishi wa unifu) anasimama ku mulango na liste, unamuonesha bodero (karatasi ya malipo), anatafuta muhuri na kidole, kama haiko kamili unatoka. Semesta ya kwanza nilikosa dola 40 nikatoka mbele ya promosio (darasa) nzima na bik (kalamu) yangu mu mukono, ile kozi ikaenda mu sesio ya pili, ile ya kurudilia.

Basi nikaenda kwa mama mumoja wa kartie (mutaa) yetu. Ni mama wa kanisa, mupole sana, alinipa ata chai. Kaye yake ni ile ya batoto ba shule, ya mistari, yenye tabo la kuzidisha ku mugongo. Wakati anaandika jina yangu mi nilikuwa natazama ile tabo. Dola 150, faida 30 kwa mia, kila mwezi, kwa hiyo 45. Na gaji (rehani)? Gaji ni masini ya mama ya kushona. Nilisema sawa. Mutanitukana, mutukane, lakini ilikuwa tayari siku ya ine na mi nilikuwa naona ile mulango.

Masini ikabebwa ku chukudu (ile kinga ya mbao ya kubeba mizigo), ikaenda kukaa mu salo ya ule mama, akaifunika na kitambaa na akaweka vaze ya maua juu. Sasa hesabuni vizuri: masini yenye ilikuwa inaleta pesa ya kulipa deni njo imefungwa juu ya deni. Mama yangu akaanza kushona usiku ku masini ya jirani, anagawana naye bei ya kila nguo.

Haijaisha. Alinipa noti tatu za 50. Moja ilikuwa na kapasuko ku kona, milimeta mbili, ata siikuona. Kufika ku gishe ya kulipia, kesiye (mwenye kupokea pesa) anainua noti ku mwanga, anaizungusha, anaisukuma inje: hii haipite. Si hasira, si nini, haipite tu. Nikashuka kwa kambiste (mwenye kubadilisha pesa) ya njiani, akaniambia 45 kama nataka. Nilitaka. Tano yenye ilikosa nikaazima kwa rafiki mwenye ni motari (wa pikipiki). Kwa hiyo mbele pesa ifike ku unifu ilikuwa imeisha kupunguka, na mu kaye bado ni 150.

Wenye hamujawai kukopa Lambert, sikilizeni vile inafanya. Mwezi ukifika kama huna 195 yote, unaleta 45 tu, hiyo banaita kulisha faida. Ukilisha, deni inabakia vile ilikuwa, kesho kutwa mwezi ingine. Nililisha miezi tano, ni dola 225, na bado ninadaiwa 150 ileile kama siku ya kwanza! Mwezi wa sita ndugu yangu mukubwa mwenye iko Kamituga, kule ku migodi ya zahabu, akatuma 195 tukamaliza. Jumla 420, juu ya 150.

Sasa mukubwa wangu wa Kenya na Tanzania, njoo tuhesabu pamoja. HELB, bodi ya mikopo ya banafunzi ya Kenya, inaweka 4 kwa mia kwa MWAKA. Ile 150 yangu kwao ingezaa dola 3 mu miezi sita. Mi nilizalisha 270. Na kwao unaanza kulipa ukiisha kumaliza masomo, si siku makumi tatu kisha egzameni. Hapo njo penye naumia. Faida ni mbaya lakini mbaya kupita faida ni tarehe. Masomo ya miaka tatu yanaleta pesa kisha miaka tatu, kama yataleta, na pesa yenye nilisomea inataka kurudi mu mwezi moja. Nani alifanya hii hesabu? Ata muuza ndizi hawezi kukubali.

Najua, mutaniambia ata kule banalia. Ndio banalia. Tanzania Bodi ya Mikopo ilikuwa inakata 8 kwa mia ya mushahara, 2016 bakapandisha mpaka 15, na juu yake kulikuwa tena ile 6 kwa mia ya kila mwaka eti ya kulinda thamani ya pesa mpaka bakaitoa 2021. Mwalimu wa Tanzania akikasirika namuelewa. Marekani deni ya unifu imepita trilioni 1.6 za dola, na Biden alipotaka kufuta sehemu, Mahakama ya Juu yao ikavunja ule mupango 2023. Kwa hiyo siseme mukopo wa serikali ni asali. Lakini ndugu yangu, mutu analalamika banakata mushahara wake... MUSHAHARA. Iko nao!

Na kuna benye bataandika hapa chini: basi eta ya Congo nayo ilete Bodi, tuko mu EAC (Jumuiya ya Afrika Mashariki) tangu 2022 tufanye kama wenzetu. Mi siamini sana. Kule mwajiri anakata na anatuma. Hapa utakata kwa nani? Mu promosio ya kaka yangu mukubwa hesabu yangu ya haraka ni motari, muuza unite (vocha za telefone), motari, mwalimu wa NU (ba mupya, nouvelle unité) mwenye eta haijaanza kumulipa, mumoja ku ONG (shirika), motari. Utakata 15 kwa mia ya nini. Na hiyo pesa kabla ifike kwa mwanafunzi ingepitia mikono ngapi, ninyi munajua kuniliko.

Tena mwaka 2025 mwezi wa pili, waasi ba M23 bilipoingia muji wa Bukavu na banki zikafunga, Lambert haikufunga. Pesa yote ikapita mu telefone, ukitoa banakula komisio, kesh ikakuwa ya kutafuta kama dawa, na wenye kaye bakafuraha.

Mi sitaki bitu bikubwa. Nataka unifu iniache nilipe kidogokidogo, dola 32 mara kumi, mama anaweza, ile ni nguo mbili tatu. Kama siku ya egzameni bado kuna deni, niacheni niandike, kisha mushike matokeo yangu mpaka nimalize, mushike ata diplome, si munazishika tu kila siku. Lakini kunitoa mu sale ya egzameni ndani ya siku tano, hapo munanituma kwa ule mama na mikono yenu. Niliuliza ku biro, bakaniambia andika barua. Niliandika barua. Barua ilipotea, bakaniambia andika ingine na nilete kopi mbili.

Mu LMD (ule mufumo wa masomo ya unifu) mwaka ni kredi 60. Ule mwaka nilimaliza na 52 za unifu na moja ya ule mama, ile moja njo ilikuwa nzito.

Kwa benye banasema basi acha masomo: dada, kaka, nilibakiza mwaka moja, ungeacha weye?

Sasa naandika juu mudogo wangu anaingia Bac 1 (mwaka wa kwanza wa unifu) mwaka huu na mama ameanza kutazama ile masini kwa macho ingine. Kama kuna mutu anajua MUSO (kikundi cha kuweka na kukopeshana pesa) yenye inakopesha banafunzi kwa miezi sita ao zaidi, faida isipite 5 kwa mia kwa mwezi, upande wa Panzi, Bagira, Kadutu, popote, anitumie ujumbe. Si maneno ya kutia moyo, tafazali, namba na siku banakutanaka.

Tena masini ilirudi bila mukanda wa pedali. Ule mama anasema haikuwa nao. Ilikuwa nao. Kama kuna fundi humu anauza, aniambie bei, bateri iko ku 3.