Taa ya LOS kwenye ruta ya fiber (ya kuonya mwanga haufiki) inawaka nyekundu, bado mnaniambia "zima ruta uwashe"!

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Niko Tabata, nimefungiwa fiber ya nyumbani na kifurushi nalipia kabla hakijaisha. Upepo ukivuma kidogo au mvua ikinyesha, intaneti inakata. Inarudi, inakata tena, hadi usiku. Huduma kwa wateja unasikilizishwa muziki mpaka salio linakaribia kuisha, kisha unaambiwa yaleyale: "Mteja, zima ruta, subiri kidogo, washa." Nimezima. Nimewasha. Haya, sasa?

Ngoja niseme hapa maana kule hakuna anayesikiliza. Wi-Fi yangu ni nzima. Nikiandika 192.168.1.1 kwenye simu, ukurasa wa ruta unafunguka papo hapo. Kompyuta nimeichomeka kwa waya, Wi-Fi nimeizima kabisa, hali ni ileile: nikipingi ruta (yaani kuituma ujumbe wa kujaribu) inajibu, nikipingi 8.8.8.8, seva ya Google huko nje, kimya. Kwa hiyo "sogea karibu na ruta" na "badilisha chaneli" wapeni wale ambao Wi-Fi zao zinagombana na za majirani kwenye masafa ya 2.4 GHz.

Ubovu uko kwenye waya wa fiber. Kila ikikata, taa ya PON (ya muunganisho wa fiber) inaanza kupepesa na ya LOS inawaka nyekundu, na kazi ya hiyo taa ni kukwambia mwanga haufiki. Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta kuangalia nguvu ya mwanga unaoingia: -29 dBm (namba ikizidi kushuka, mwanga ni hafifu zaidi)! Vifaa vingi vya GPON, yaani aina hii ya fiber, vya majumbani mwisho wake ni -27, chini ya hapo unabahatisha. Hali ya hewa ikitulia namba inapanda kidogo, intaneti inarudi yenyewe, na dada wa kwenye simu anajipongeza kwamba kuzima na kuwasha kumesaidia.

Wala hauhitaji utaalamu. Toka nje uangalie waya: umetoka kwenye boksi la nguzoni, ukapita juu ya bati la jirani, kwenye kona ya ukuta umekunjwa na kubanwa kwa msumari kama kamba ya kuanikia nguo. Fiber ni kioo jamani, ukiikunja kupita kiasi mwanga unavuja. Kama si hapo, basi ni kiungio cha kule kwenye boksi kimelegea au kimechafuka. Vyote viwili havitengenezwi kwa simu.

Kilichonichefua zaidi ni huyu mhudumu wa mwisho, eti nichukue pini nibonyeze kile kitundu cha reset. Wakuu, msithubutu! Kama umeunganishwa kwa PPPoE (ruta inajitambulisha kwa kampuni kwa jina na nywila), jina la mtumiaji na nywila alizoweka fundi zinafutika, na hata hicho kidogo ulichokuwa nacho hukipati tena mpaka aje fundi. Fundi yupi? Huyuhuyu asiyekuja! Halafu inaingia SMS, "Tatizo lako limetatuliwa." Nimeisoma natumia bando la simu.

Mei 2024 mikonga ya intaneti ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini hatukulalamika sana, tulielewa. Leo jirani ng'ambo ya barabara, kampuni hiyohiyo, anaangalia mpira bila kukwama.

Nataka fundi mwenye ngazi na kipimo cha mwanga, na siku nilizokosa huduma zirudishwe kwenye kifurushi. Picha za taa na za ukurasa wa dBm ninazo, namba ya lalamiko ninayo pia. Aliyewahi kufikisha jambo la hivi TCRA, mamlaka ya mawasiliano, anielekeze: waliomba vielelezo gani, na walichukua muda gani kujibu?

Na nyie wa "mkuu hama kampuni", mtaa wetu nguzo ni za hao tu.