Kanisa liko kwenye shamba alilotoa baba mkwe kwa mdomo, sasa shemeji analitaka. Nishaurini

Mwinjilisti wa Mtaani
Wakuu, habari za humu. Wakubwa shikamooni. Niko Rungwe, mwinjilisti wa mtaa (tawi dogo la usharika), mwaka wa sita sasa. Dhehebu silitaji, dunia ndogo hii.

Mwaka 1996 marehemu baba mkwe wangu alitoa kwa kanisa kipande cha shamba, kama robo tatu ya eka. Alisimama ibadani akatamka, vigelegele vikapigwa, wiki iliyofuata watu wakaanza kufyatua matofali. Karatasi hakuna. Mimi wakati huo hata sikujua kama nitakuja kuoa nyumba ile. Mzee alifariki mwaka juzi.

Sasa shemeji yangu, ana biashara zake Tunduma, amerudi. Kanisa lenyewe anasema hana shida nalo, anataka upande wa nyuma, pale tulipopanga kujenga nyumba ya mtumishi. Mnajua parachichi lilivyopandisha ardhi huku. Shamba ambalo zamani uliombwa ulime bure lisiote magugu, leo watu wanalipima kwa hatua. Jumamosi alikuja na kamba akachomeka vigingi, usiku uleule wazee wa kanisa wakaving'oa. Sikuwatuma, ila nikiri pia sikuwakataza.

Jumapili ndiyo iliyonitoa jasho. Mama mkwe alileta mkungu wake wa ndizi wa sadaka kama siku zote. Kwenye mnada baada ya ibada hakuna aliyetaja bei. Mkungu ambao kila wiki unagombewa! Watu waliogopa kuonekana wako upande gani. Mwisho nikaununua mwenyewe kwa elfu nane, nikaubeba hadi nyumbani, mke wangu akakataa kuupika.

Wazee wanataka niandike barua tumshtaki. Mke wangu anasema siku nikiandika, kwao nisikanyage tena. Mchungaji wa usharika anasema "hilo ni la familia yako, limalize". Nimefikiria Jumapili ijayo nihubiri Nabothi na shamba lake la mizabibu, labda ujumbe utafika.

Ndaga Fijo
Pole mtumishi. Ila Nabothi muache alale. Soma vizuri 1 Wafalme 21: Nabothi ndiye aliyekataa kutoa urithi wa baba zake. Shemeji yako akiwa pale kwenye benchi, atajiona nani? Atajiona Nabothi, na mfalme Ahabu mwenye tamaa ya shamba lake utakuwa wewe. Utakuwa umempa andiko la kukujibia.

Sina Dini Nina Shamba
Mrudishieni huo upande wa nyuma yaishe. Makanisa mnapenda ardhi nyie!

Wakili wa Kijiweni
Mkuu, hebu tutulie kwanza. Nisichokijua ni kama mzee aliacha msimamizi wa mirathi. Kama Mahakama ya Mwanzo haijateua mtu, shemeji hana mamlaka ya kudai mali ya marehemu kwa jina lake, hata awe mtoto wa kwanza. Lakini na ninyi msichekelee. Mtaa wa kanisa hauwezi kushtaki wala kumiliki ardhi, mwenye uwezo huo ni Bodi ya Wadhamini wa kanisa lenu iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Barua ya wazee ni ya kufungia vitumbua.

Msije mkajitetea kwamba "tumekaa zaidi ya miaka 12". Aliyekaribishwa hageuki mwenye mali kwa kukaa muda mrefu. Ninyi mnadai zawadi, basi thibitisheni zawadi: daftari la kikao cha wazee la 1996, picha za kuweka msingi, majina ya waliokuwepo na bado wako hai. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ni ya 1999 na ilianza kutumika 2001, kwa hiyo mzee alitoa kabla yake, ila leo mkitaka hati ya kimila lazima mpite Halmashauri ya Kijiji. Baraza la Kata nalo tangu 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, halitoi hukumu. Anzeni hapo.

Mama Viazi Uyole
Nimesoma maelezo yote natafuta mke wako kasemaje, nimekuta hajapika ndizi. Kaka yangu, ndizi hizo ni mama yake amekataliwa mbele ya kanisa zima. Wewe umeona mnada umekwama, yeye kaona mjane kaaibishwa. Umekaa naye ukamuuliza yeye anataka nini, au umemuuliza kama mwinjilisti?

Katekista Mstaafu
Mwanangu, nilifanya kazi hii miaka mingi upande wa Makete. Mchungaji wako anakukwepa. Mwandikie kwa heshima kwamba kwenye shauri hili wewe ni mkwe, huwezi kukalia kiti, ateue mzee wa mtaa mwingine aongoze kikao. Nakala ibaki kwako. Usipofanya hivyo, kanisa likishinda ukweni watasema umewauza, likishindwa wazee watasema umelilinda tumbo la mkeo.

Halafu vile vigingi. Hata kama shemeji amekosea, kung'oa usiku ni mambo ya wezi. Wazee walewale wavibebe mchana, wampelekee mama, waombe radhi. Usiende nao.

Mwinjilisti wa Mtaani
Asanteni sana. Mama Viazi, umenichoma. Jana usiku nimemuuliza. Kumbe mama mkwe anakumbuka mpaka mti ambao marehemu alisema ndiyo mwisho wa kanisa, mparachichi wa kienyeji, bado upo. Hakuna aliyewahi kumuuliza, miaka yote hii! Upande anaoutaka shemeji, nusu yake iko nje ya mti huo.

Wakili wa Kijiweni
Hapo sasa! Mama aandike au asimulie iandikwe, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji, wote waweke sahihi na muhuri. Shemeji awepo. Na mti upigwe picha kabla hajatokea mwenye panga.

Mwinjilisti wa Mtaani
Sawa mkuu. Barua ya mchungaji nimeshaandika, inaenda kesho. Vigingi vinne viko stoo ya kanisa. Cha tano mzee mmoja ameshafungia mbuzi.

Katekista Mstaafu
Amfungue mbuzi.